Barafu Ilikuwa ya Kuku

Muuguzi wa kliniki alinipima tumbo kwa futi, kama ile ya mafundi cherehani, akanipima tena, kisha akanyamaza. Mimi ukimya wa muuguzi nauogopa kuliko sindano.

"Mtoto ni mdogo kwa umri wa mimba," akasema. "Kazini unakula nini?"

"Chai na chapati."

"Na mchana?"

"Mpaka nirudi nyumbani."

Aliniambia niongeze vyakula vya kujenga mwili: nyama, mayai, maharage, maziwa. Tena nisile usiku tu, kwani mtoto hangoji mama yake afike nyumbani. Nirudi baada ya mwezi, na kama mtoto hajaongezeka, wangenipeleka hospitali ya mkoa. Nilitoka pale nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili. Niliogopa, sifichi.

Sasa, kazi yangu ni kuchanja kuku. Chanjo naichukua Mpwapwa mjini, naipanga kwenye kisanduku cha barafu, napanda bodaboda, na alfajiri tunakuwa tumeshafika vijijini kabla kuku hawajafunguliwa. Kuku akishatoka bandani, na tumbo lile, ningemkamata wapi? Kurudi ni alasiri. Kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa nimepakata barafu, na chakula nikibeba, kinaning'inia kwenye mfuko, jua linakipiga. Kwenye kisanduku haruhusiwi kuingia mgeni. Ukikifungua mara kwa mara kutafuta yai lako, chanjo inapata joto na kuharibika, na kuku wa watu watakufa kwa mdondo huku wenyewe wanajua wamechanjwa. Barafu ilikuwa ya kuku.

Lakini mimi ni mdadisi hata nikiwa na hofu. Nilianza na mayai ya kuchemsha. Siku ya kwanza niliyamenya nyumbani kabisa, ili nisihangaike njiani. Loo! Mchana kufungua mfuko, harufu ikatoka, dereva wa bodaboda akageuka kunitazama, ikabidi niape kwamba si mimi. Siku iliyofuata niliyaacha na maganda yake, yakafika salama. Nilikaa nikilichunguza lile ganda, jembamba vile, nikashangaa linavyoushinda mfuko wa plastiki. Nyama ya kukausha nayo ilidumu vizuri, ila kuitafuna ilikuwa kazi ya pili isiyo na mshahara. Dagaa wa kukaanga walitaka maji mengi, na maji mengi kwa mjamzito aliye juu ya pikipiki, jamani, tuyaache hayo.

Nikabaki na mayai. Asubuhi moja, tumemaliza kuchanja kwenye kaya ya mama mmoja mtu mzima, umri wa mama yangu, nikakaa kwenye kigoda chake nikaanza kumenya. Alinipokonya yai mkononi.

"Weee! Na tumbo hilo?"

"Kuna nini, mama?"

"Mjamzito hali yai. Utazaa mtoto kichwa kitupu, hana hata unywele mmoja."

Nikamwambia nimesomea mifugo, yai halina neno. Akasema nimesomea kuku, sikusomea matumbo. Majirani zake wakaangua kicheko, nami nikacheka. Ila sikumwachia.

"Nani alikuambia hivyo, mama?"

"Mama mkwe wangu."

"Na huyo mtoto asiye na nywele, umewahi kumwona?"

Akafikiri kweli, mkono kiunoni. "Nitamwona wapi, na hakuna aliyethubutu kula?"

Yai langu akampelekea mumewe kivulini, naye akalila taratibu huku ananitazama, hana hata haya.

Nikauliza basi wao, wakienda mashamba ya mbali na mimba zao, walikuwa wanakula nini. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando na bakuli la njugu mawe zilizokauka, ngumu, zenye rangi ya udongo. Njugu mawe nazijua tangu utotoni, lakini kwetu tulizichemsha msimu wa mavuno tukazila, basi. Hizi zilikuwa nyingine. Nilimhoji mpaka akachoka. Zinachemshwa na chumvi ziive nusu, zinaanikwa juani mpaka zikauke, kisha zinakaangwa kwenye mchanga wa moto, maana mchanga unazizungushia joto pande zote. Zikifungwa kwenye kitambaa zinakaa mwezi hata zaidi. Unaweka chache mdomoni, unaziacha zilainike, unatafuna unatembea.

Alinifungia za kutosha kwenye kipande cha kanga, akanishika mkono.

"Hizi si za kumgawia dereva. Na utanipigia simu uniambie mtoto anaendeleaje."

Mwezi ule njiani nilikula njugu, na kwenye kaya zenye ng'ombe niliomba maziwa ya mgando bila aibu. Mayai niliyala jioni, nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Sijui hata leo kipi kilifanya kazi, na nimejiuliza sana.

Muuguzi alinipima mara moja. Akapima tena. Nikafumba macho.

"Ameongezeka," akasema. "Tena vizuri."

Nililia kama mtoto mdogo, mbele ya foleni nzima ya wajawazito wenzangu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikampigia yule mama. Nilitaka kumweleza habari ya futi na aliyosema muuguzi. Hakunipa nafasi.

"Anacheza?"

"Anacheza, mama. Hata sasa hivi anacheza."

Nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Wangu wa tatu aliacha kucheza nikiwa njiani na ndoo ya maji," akasema. "Ulikuwa mwaka wa njaa. Njugu tulikuwa tumezila zote, hata za mbegu."

Nilikuwa na maswali, kama kawaida yangu. Niliyaacha, nikaweka mkono pale mtoto alipokuwa anapiga.

"Upo?" akasema.

"Nipo, mama."

"Umekula leo?"