Kilio cha Kokuhirwa

Tangu alipoolewa Kagondo, Kokuhirwa aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika. Mumewe Rwegasira alipofariki, hakurudi tena kwenye kwaya. Alibaki na kibanja chake cha migomba na kahawa, pamoja na mwanawe Mwesiga, aliyeshinda chumbani na kompyuta na kinanda cha umeme ambacho kwaya ilikitupa kilipoanza kulia chenyewe.

Muziki wa Mwesiga haukuwa wa kucheza wala wa kuimba. Ulikuwa kama mvua inayoanza kudondoka kwenye bati kisha ikaghairi. Mama yake hakuuelewa, lakini aliuzoea, kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani.

Jumapili moja baada ya ibada, Mwesiga alimkuta jikoni akimenya ndizi, akamvisha spika za masikioni.

"Albamu yangu imetoka, Mama. Nimeiita *Kesho ya Zamani*. Watu wa mbali wanaisifu. Sikiliza huu wa mwisho, ni wa Baba."

Kinanda kilinguruma taratibu. Halafu mwanamke akaanza kulia. Sauti yake ilikuwa imekatwakatwa, ikapandishwa hadi ikafanana na ya mtoto, ikashushwa, ikarudiwa. Lakini jina aliloliita lilikuwa Rwegasira.

Kokuhirwa alizivua zile spika, akaziweka juu ya maganda.

"Ulinirekodi makaburini?"

"Simu ilikuwa mfukoni. Nilitaka nibaki na kitu cha siku ile. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, Mama."

"Ule haukuwa wimbo."

Mwesiga aliziokota spika. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na Kokuhirwa akakosa pa kuanzia kumgombeza. Siku ile kijana naye alimzika baba yake, na hakuna aliyemwona akilia.

"Uondoe, mwanangu," alisema.

Akauondoa mtandaoni palepale. Lakini watu walikwisha kuuchukua, na mmoja wao, katika nchi ambayo Mwesiga hajawahi kufika, aliutia ngoma za dansi. Nancy, binti wa jirani, ndiye aliyeleta habari. Katika simu yake vijana walijaa ukumbini, mikono juu, wakiruka kila sauti ya Kokuhirwa ilipopanda.

"Mama, si wewe huyu?" Nancy aliuliza, akitabasamu.

Kokuhirwa alimtazama mwanawe.

"Nimewaandikia wauondoe," Mwesiga alisema. "Wengine hawajibu. Wengine wananishukuru."

Kabla mwaka haujaisha, dada mkubwa wa Kokuhirwa, Lilian, aliyeolewa Muleba, akafariki. Ndiye aliyemlea Kokuhirwa, akamfundisha kulima na kuomba. Msibani wanawake walimpisha asogee kwenye jeneza lililowekwa uani, maana dada wa marehemu ndiye huanza kilio. Alifungua kinywa. Mbele yake simu kadhaa zilikuwa zimeinuliwa, kama ilivyo siku hizi. Alikihisi kilio kifuani, kizito, kikimsukuma, lakini hakikutoka. Akajaribu tena. Ikatoka pumzi tu.

"Kumbe hakumpenda," mwanamke mmoja alinong'ona nyuma yake.

Mwesiga alisikia. Alitaka kueleza habari ya ule wimbo, akaona hajui angemwambia nani, wala angeanzia wapi. Akamshika mama yake mkono, akamrudisha ndani kwenye majani makavu yaliyotandikwa wafiwa wakalie, naye Kokuhirwa akaketi na wenzake, kilio kikiwa bado kifuani, hata jeneza lilipobebwa kwenda kaburini.