Mbwa wa Bwana na Shimo la Mazuku

Mujomba wangu, ndugu ya mama, alinunua viatu Rutshuru, mwaka maharagwe yalipozaa vizuri. Viatu vilikuwa vidogo. Kila mutu aliona, maana alitembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Ukimwambia, "Mujomba, vinakubana," anajibu, "Miguu ndiyo bado haijazoea." Akaenda navyo misa, akaenda navyo matanga, mpaka kucha mbili zikaanguka, naye akasema kucha huanguka zenyewe. Hakuna kitu kigumu kama mutu aliyekwisha kusema. Nilimdharau tangu utoto, Mungu anisamehe, maana ndiye aliyenilisha.

Ndiye pia aliyenileta Goma. Shule niliiacha mwaka wa pili, nikijua kusoma jina langu na sala mbili, na ndevu zilipoota sikuwa na kazi. Mupishi wa muzungu mumoja karibu na ziwa alikuwa mutu wa kwetu. Mujomba akaenda kwake akichechemea, akarudi akisema kazi imepatikana. Kazi gani? Kutembeza mbwa.

Nilicheka. Kwetu Kibati mbwa hujitembeza mwenyewe, anakula alichookota na hakuna anayemuuliza. Kwa yule bwana, mbwa alikuwa na sahani, blanketi, na kamba ya ngozi yenye chuma, na mutu muzima, mimi, wa kushika mwisho wa kamba. Nyama yake ilipikwa kabla ya maharagwe yetu. Na alikuwa mujinga: alibwekea migomba, alikula sabuni. Sikumchukia. Kumpenda pia sikuweza, kitu kinachokula sabuni.

Bwana alikuwa mutu wa mashamba ya kahawa, murefu kama nguzo, mwenye kupenda kusoma. Siku moja kitabu kikamjia kutoka Ulaya, kikisema mbwa anayetembea kwa kamba anaharibika moyo. Akaniita kwenye baraza.

"Kuanzia kesho, hakuna kamba. Imbwa lazima akuwe huru."

Aliyesema hivyo ndiye niliyemuomba karatasi ya ruhusa kila nilipotaka kulala kwa mujomba.

"Bwana, kamba ibaki," nikamwambia. "Kule njiani kuna mazuku."

Asiyekulia kwetu nimueleze. Katikati ya mawe meusi ya vulkano kuna mashimo ambamo hewa mbaya hulala chini kama maji. Haionekani. Asubuhi kabla ya upepo, mbuzi akishuka humo anakufa, na mwenye mbuzi aliyesimama kando anashangaa tu. Njia yetu ilipita ukingoni mwa shimo kama hilo, na humo ndani hakukosi ndege aliyekufa. Mbwa gani ataacha ndege?

"Hewa inaua imbwa, na wewe haikuui?" bwana akauliza.

"Mimi niko murefu, bwana."

Alidhani namcheka. Sikuwa namcheka, wakati ule bado.

Mupishi akanivuta jikoni. "Mutoto, fungua kamba. Ameshasema."

"Na imbwa akikufa?"

"Utapigwa fimbo."

"Na nisipofungua?"

"Utafukuzwa."

Akaendelea kumenya viazi. Miaka na miaka yule muzee alikuwa akikubali kila kitu, na yeye aliita hiyo akili.

Siku tatu nilidanganya. Namfungua mbwa mbele ya nyumba, tukifika kwenye migomba namfunga. Siku ya nne bwana alitufuata, akatukuta hatua chache tu kutoka kwenye shimo, kamba mukononi mwangu.

"Fungua."

Nikamuomba kiberiti. Nikakusanya majani makavu, nikayawasha, nikayashusha shimoni. Moto ukazimika kama umetiwa majini. Nikafanya mara ya pili, ukazimika tena.

"Ni upepo," akasema.

Hakukuwa na upepo. Moshi wa sigara yake ulikuwa umesimama wima mbele ya uso wake. Alikuwa ameona. Mutu wa vitabu vyote vile alikuwa ameelewa, ila ameelewa kutoka kwangu, na hilo koo lake halikuweza kulimeza.

Akainama, akafungua kamba mwenyewe, akanipa.

Mbwa akanusa, akaona kwale aliyekufa, akashuka. Akazunguka mara mbili kama mulevi anayetafuta mulango, akapiga magoti ya mbele, akalala.

Bwana akamwita kwa Kifaransa, kisha kwa ile lugha nyingine ya nyumbani kwao. Kisha akanigeukia.

"Shuka, umubebe."

"Kumubeba ni kuinama, bwana."

"Nimesema shuka."

"Imbwa ni yako. Na wewe uko murefu kunishinda."

Nikaweka kamba juu ya jiwe. Blanketi yangu ilikuwa kwake, na shati yangu ya misa ilikuwa imeanikwa nyuma ya jiko. Sikupita kuzichukua. Nikashika barabara ya Kibati, bila kukimbia. Nyuma yangu akaita, "Boyi. Boyi," kwa sababu miezi saba yote hakuwahi kuuliza jina langu. Njia ile sikuikanyaga tena.