Mkono wa Mto Niliouziba

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza na punda mmoja na mapipa mawili, nikiuza maji mlango kwa mlango mjini Garissa, shule nimeiachia darasa la nne. Miaka ya tisini ilinikuta na malori mawili na shamba kando ya Tana. Majambazi wamenilaza kifudifudi kwenye barabara ya Habaswein, ukame umenimalizia ng'ombe wote, na sikutetemeka. Nasema haya ili mjue ni mtu wa aina gani aliyeogopa.

Shambani kwangu ulipita mkono mdogo wa mto, maji ya magotini yakitembea juu ya mawe. Nilikuwa nimeyaona mabwawa makubwa huko juu nikiendesha lori, nikajiambia, kama wao wameufunga mto mzima, mimi nitashindwa na kijito? Nikaziba kwa mawe, udongo na magunia ya mchanga. Likasimama bwawa pana, safi kwa macho, na wafugaji waliopeleka ngamia mnadani wakawa wananilipa ili wanyweshe.

Mama yangu alikulia nyuma ya ngamia. Kabla ya kunywesha, yeye hugeuza mawe ya ukingoni atazame chini yake. Kijito kilipokuwa kikitembea alinionyesha vidudu bapa vilivyong'ang'ania jiwe, vingine vilivyojijengea vijumba vya chembe za mchanga, kamba wadogo ambao ungeona mpaka utumbo, na kaa wa ukubwa wa kifungo cha shati. Miezi sita baada ya mimi kuziba, aligeuza mawe kumi akakuta tope jeusi linalonuka. Kwenye matete konokono walikuwa wamejaa.

"Wenyewe wako wapi?" akauliza.

"Wenyewe nani, hooyo?"

"Waliokuwa wakiishi hapa. Wale walitaka maji yanayotembea. Umewafukuza, na walioingia siwapendi. Mtu asinywe haya bila kitambaa."

"Mimi nauza maji, hooyo. Siuzi wadudu."

"Konokono unao wengi. Anza na hao."

Wafugaji wakacheka. Mama tayari alikuwa ametandaza kitambaa chake cha kuchujia kwenye mdomo wa ndoo. Mteja akiona unachuja, atauliza unachuja nini. Nikakivuta kile kitambaa nikakitupa begani, nikachota maji kwa viganja, nikanywa. Kisha nikamwita binti yangu wa miaka saba, nikamnywesha mikononi mwangu ili watu wote waone. Alikunywa akicheka.

Siku ya tano alitema damu.

Nilidhani ni kifua kikuu. Nikamficha ndani, maana jina hilo likimshika msichana halimtoki. Nikafua shuka kwa mikono yangu, mimi ambaye sijawahi kufua hata soksi. Damu iliendelea, viganja vyake vikawa vyeupe. "Aabo," akaniambia, "kuna kitu kinatembea hapa," akashika koo. Nikampakia kwenye lori.

Hospitalini walipima makohozi wakasema si kifua, damu imempungukia, na inapotoka hawapaoni. Nikarudi nyumbani nimembeba. Mama aliuliza swali moja tu.

"Alikunywa bila kitambaa?"

"Nilimnywesha mimi."

Hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaagiza mtoto asipewe hata tone tangu asubuhi. Alasiri akaweka beseni la maji baridi, akaniambia nimshike kichwa, pua ikaribie maji bila kugusa.

"Nilifanyia mbuzi hivi," akasema. "Kitu kile kikiwa na kiu kitatoka."

Tulikaa. Mtoto alilia akiomba maji, nami nimemzuia. Kikachungulia puani, cheusi, kikarudi. Kikachungulia tena, kikarudi. Mara ya tatu mama alikinasa kwa kitambaa kilichopakwa majivu, kitambaa kilekile nilichokitupa, akavuta polepole. Alikuwa ruba, mrefu kama kidole cha binti yangu, amenenepa kwa damu yake.

"Ndicho nilichokunywa, Aabo?"

"Ndicho."

Na mimi je? Nilikuwa nimekunywa kwa viganja vilevile. Wiki mbili nilitema mate mkononi nikitazama rangi, nikijificha nyuma ya lori langu mwenyewe.

Nikalibomoa bwawa kwa tingatinga la kukodi. Wafugaji niliwaambia ukweli, wachunguze mbuzi na ngamia wao puani, nikawarudishia walicholipa. Maji yakaanza kutembea tena. Baada ya mvua mbili mama aligeuza jiwe, akaniita kwa mkono: kaa mmoja, wa ukubwa wa kifungo. Nilimtazama mpaka akajificha. Hata leo, chai ya hotelini naikagua kwanza.

Hospitali, tingatinga la siku mbili, na fedha nilizowarudishia wafugaji: hasara yote shilingi elfu thelathini na nane, mia sita na arobaini.