Seth Alipeleka Ntheo kwa Boksi la Nyama

Kavinya aliambia Seth mara tatu. Mara ya kwanza jikoni. Mara ya pili kwa ngazi za ploti yao Tassia wakipanda ghorofa ya tano, yeye mbele na mtungi wa maji na tumbo la miezi nane, Seth nyuma na simu. Mara ya tatu akampigia, juu Seth husikiza simu kuliko mtu. Na maneno yenyewe ilikuwa moja tu: mbuzi wawe hai. Watatu, waingie kwa geti ya baba wakitembea na miguu yao.

Seth akacheka. "Wewe Kavinya, unafunza nani mambo ya mbuzi?"

Hapo alikuwa na haki kidogo. Seth Owiti ameuza nyama soko la Burma tangu amalize shule. Mpe paja ashike akiwa amefunga macho, atakwambia huyo mbuzi alikuwa anakula nyasi ya wapi. Lakini mbuzi mwenye bado anapumua, huyo hawajuani. Kwa Seth, mbuzi huanza maisha akiwa amening'inia kwa ndoano, na muhuri ya daktari wa mifugo mgongoni.

Kwa Wakamba haya maneno haina kona. Mwanaume analeta mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana, na hao ndio ntheo. Kabla ya hao mbuzi, wewe umekaa tu na mtoto wa watu. Mnunue friji, mpigiwe makofi kanisani, mwandikwe majina yote mawili kwa risiti ya nyumba, bado ni bure. Mtoto akizaliwa ni wa babu mzaa mama. Huyo babu atampa jina, na siku akimtaka atakuja kumchukua, na hakuna mzee wa Kikamba atakusaidia kulia.

Seth na Kavinya walikuwa wamekaa hivyo miaka mitatu. Na Kimanzi, babake Kavinya, dereva wa lori mstaafu mwenye anaishi Komarock, hakuwa anamtisha mtu. Alikuwa anangoja. Jina alishachagua, la baba yake. Kila Kavinya akienda kuwasalimia, mzee anaangalia tumbo kwanza, anauliza, "Ndeti hajambo?" Kavinya mwenyewe anasalimiwa baadaye, kama mzee atakumbuka.

Huko Tassia, wanawake wa juu kwa kamba za nguo walikuwa na shauri lao. Wengine walisema ntheo ni mambo ya kijijini. Wengine walisema mwanaume mwenye hajaleta mbuzi miaka mitatu anakujaribu tu kama kiatu dukani. Jirani wa Tassia atakupa shauri bure, halafu shida yako inafika ghorofa ya chini kabla hujamaliza kuanua. Kavinya alianua zake, akashuka. Kazi yake ni kushona mapazia, na mtu wa mapazia anajua nyumba ngapi zinaficha nini.

Alichofanya ni kwenda Komarock kuongea na Abdiqadir, askari wa geti ya mtaa wa kina baba, maana kwa hiyo geti kuna kibao kinakataza mifugo. Abdiqadir hakuelezwa mara mbili. Kwao ni wafugaji, na mbuzi ni heshima. Alisema yeye mwenyewe ataongea na chama ya wenye nyumba, na siku hiyo atafungua geti yote mbili, ya magari na ya watu.

Jumapili, saa saba, jua kali. Kimanzi amevaa koti. Ndugu zake wametoka Machakos na kofia zao, wamepangwa kwa viti nje ya mlango. Mamake Kavinya, Nthambi, amefagia mpaka barabara. Abdiqadir amefungua geti wazi kabisa, amesimama kando na kamba ya ziada mkononi.

Ikaingia pikapu ya bucha. Seth akashuka na shati mpya, na mjomba wake Zedekiah, mzee mstaafu wa reli. Seth akafungua lile boksi la bati la kubebea nyama. Ndani, mbuzi watatu. Wamechunwa, wameoshwa, wamefunikwa kitambaa nyeupe, vichwa na miguu kando kwa karatasi.

"Mzee, hawa nimechagua mwenyewe," Seth akasema. Na uso wake ulikuwa unang'aa. Hiyo ndiyo ilimuumiza Kavinya zaidi.

Kati ya wale ndugu hakuna mtu alitoka kwa kiti. Kimanzi alikuja polepole, akaangalia ndani ya boksi.

"Nani aliwapokea kwa geti?"

"Ni wa leo asubuhi, mzee. Freshi kabisa."

"Sikuuliza ni wa lini." Mzee hakupaza sauti. "Msichana wangu ako na mtoto kwa tumbo, na wewe unaniletea maiti kwa mlango. Funga boksi lako. Huyo mtoto ni Ndeti."

Seth akaanza kueleza, ati kibao ya geti inakataza mifugo. Watu wote wakageuka, wakaangalia Abdiqadir amesimama na geti wazi na kamba yake. Nthambi hakumwangalia Seth. Alimgeukia binti yake. "Miaka mitatu kwa huyu," akamwambia, "na hata hii hukuweza kumfunza?" Halafu wakaingia ndani wote.

Sasa sikia venye mtu wa bucha anafikiria. Nyama iko kwa bati, jua linapiga, na Seth hajawahi kuacha nyama iharibike tangu azaliwe. Alikaa kama nusu saa. Kisha akasogeza pikapu nje ya geti, akatoa mzani, akatoa kisu. Majirani wakasikia, wakaja na sahani. Kimanzi alikuwa dirishani na ndugu zake wote nyuma yake, na wakaona kijana wa watu akiuza ntheo yake kwa kilo.

Kavinya akatoka. Mama mmoja wa leso akamwambia, "Dada, mwambie huyu apunguze mfupa."

Kavinya alimpita, akasimama mbele ya mzani. "Seth, unajua ni nani unapima kwa huo mzani?"

"Itaharibika. Nitanunua ingine na hii pesa."

"Nilikuambia nini?"

"Mbuzi watatu."

"Na nini ingine?"

Seth alisimama na kisu. Alitafuta kwa kichwa chake hayo maneno ya Kavinya, na Kavinya akaona hakuna kitu. Angemkatalia, ingekuwa afadhali. Mtu mwenye amekukataa alikusikia. Huyu hilo neno moja haikuwa imeingia kabisa.

Zedekiah akakohoa huko kwa pikapu. "Alisema wawe hai. Mimi nilisikia kwa simu yako siku hiyo nikiwa kando yako, na masikio yangu ni ya reli."

Kavinya hakurudi Tassia. Na kwa baba pia hakupata raha. Jumanne Kimanzi alileta kitanda cha mtoto, akakiweka chumbani bila kumuuliza. Alimletea maziwa, alimletea maini, alimsimamia mpaka amalize. Kila kitu Ndeti. Ndeti amekula? Ndeti amelala? Kufika Alhamisi Kavinya alielewa kwamba kwa hii nyumba anayelishwa ni mtoto. Yeye ni sahani.

Seth alikuwa amempigia simu tangu Jumapili. Siku hiyo Kavinya akashika. "Jumamosi, saa nne asubuhi," akasema, akakata.

Jumamosi pikapu ilikuja bila boksi. Mbuzi watatu, hai, wakipiga kelele, na Seth katikati yao kama mtu ameangukia mtoni. Mmoja alimfunga miguu na kamba. Mwingine alimwachia mavi kwa kiatu. Wa tatu, dume kubwa, alifika kwa geti akalala chini. Majirani wenye walikula nyama ya Jumapili walikuwa wamejaa kwa veranda. "Buda," mmoja akaita, "hawa wa leo utapima saa ngapi?"

Kimanzi alisimama mlangoni, hakusonga hata hatua moja. Abdiqadir alinyoosha mkono asaidie, Kavinya akamwangalia, akaurudisha.

Seth alivuta. Dume likachimba miguu. Akavuta tena mpaka shati ikatoka kwa suruali. Mwishowe akainua kichwa, jasho linamwingia machoni.

"Kavinya. Nifanye aje?"

Miaka mitatu, hilo swali hakuwahi kumuuliza. Alimwacha kwanza, jua limkule kidogo.

"Wacha kuvuta. Enda nyuma yake."

Seth akaachilia, akaenda nyuma. Dume likasimama, likajitingisha, likaingia geti likitembea. Wale wawili wakafuata. Kimanzi alichukua kamba mkononi. Akaangalia tumbo la binti yake mara moja, na safari hii hakuliita jina.

Ndani, Nthambi aliweka chai. Seth akauliza polepole kama Kavinya ameshafunga nguo zake.

"Kaa chini kwanza," Kavinya akamwambia. "Nitakuambia venye tutaishi. Na nitasema mara moja."

Seth akatoa simu mfukoni, akaizima, akaiweka kwa meza.