Kata ya Kwanza ya Bertilla

Soko lilipokuwa huria na kila mwenye koti kuwa mkurugenzi, Meshack wa Sumbawanga mjini alianzisha kampuni ya kutembeza wazungu waliokwisha kuzichoka bia za kwao. Walitaka kuona pombe ya ulezi inapopikwa. Ilibidi Meshack achague mahali: Laela, barabarani, au Mwazye, kwa Bertilla.

Bertilla, mjane, alikuwa na miaka ishirini ya kupika, na kilabu chake hakikukosa watu. Aliitaka safari hiyo kuliko mvua. Alikwisha kuona bati juu ya nyumba yake.

Meshack alikuja kukagua.

“Pombe safi, mama. Ila wageni wanaogopa vijidudu. Usitie mdomo kwenye kata yao.”

“Sasa sumu ataondoa nani?”

“Sumu gani tena? Hii biashara, mama.”

Mwazye mpishi hunywa kwanza, mbele ya mnywaji; ndiko kuondoa sumu. Asiyekunywa ana sababu. Na tangu mume wa Bertilla afe ghafla, wapo waliokuwa wakimhesabia mafunda.

Siku ya wageni kilabu kilifurika. Bertilla akachota, mkono ukapanda mdomoni wenyewe. Meshack akakohoa. Mkono ukashuka, kata ikaenda kwa mzungu, akanywa, akatabasamu, akaandika kwenye daftari.

Zenon, mteja wake wa tangu kilabu kifunguliwe, aliweka kibuyu chake chini.

“Shemeji, mbona leo hukuonja?”

“Nimekatazwa, shemeji.”

“Kumbe ukikatazwa unaweza kuacha.”

“Tumuulize marehemu,” alisema Avelina, jirani wa Bertilla, na watu wakacheka kicheko cha wanaoondoka.

Mwazye ikachaguliwa. Barua ilikuja na muhuri.

Mwezi uliofuata Meshack alileta wageni sita. Walimkuta Bertilla, mitungi minne imejaa, na mabenchi matupu.

“Wenyeji wako wapi?”

“Hawaji tena, baba. Kwa sababu ya ile kata.”

“Mama, wageni wanalipa kuona watu wakinywa. Hapa pamepooza kama kanisa Jumatatu.” Akageuza gari kuelekea Laela. Huko, aliwaeleza njiani, mpishi huonja kwanza. Ni mila, inapendeza kwenye picha.

Siku hizi Bertilla anaonja kwanza. Anabeba kata hadi mlangoni, anaiinua juu wapita njia waione, anakunywa. Halafu anarudi ndani kuonja ya pili. Ikifika jioni, mtungi mzima umeshaondolewa sumu.