Kuchinjiwa Kabla ya Kujifungua

Kwa kina mama mkwe wangu, mwanamke huchinjiwa akishajifungua. Hao ni watu wa juu, upande wa Mbulu, na hata waliokwisha kuhamia hapa Babati mjini hawajauacha utaratibu huo. Kondoo hutengwa mapema, hunenepeshwa kwa mabua na pumba, na siku mzazi anaporudi nyumbani na mtoto ndipo kisu kinapotolewa. Kabla ya hapo hachinjwi. Mimi nilichinjiwa nikiwa na mimba ya miezi saba, na sikuchinjiwa kondoo. Nilichinjiwa ndama.

Mambo yalianzia kliniki. Nesi alinifunua kope ya chini, akaguna, akanitoboa kidole. Baadaye akaniita pembeni, na mimi nikajua tu kwamba anayeitwa pembeni haitiwi zawadi.

"Dada, damu yako ni ndogo. Ukija leba na damu hii utatuweka pabaya. Kula vizuri. Nyama, maini, mboga za majani. Na vidonge hivi usiviache."

Mama mkwe alikuwa ananisubiri nje ya geti, amekaa kwenye jiwe. Alinisindikiza kila mara, kutoka Nakwa mpaka pale, lakini geti lile alikuwa havuki. Binti yake wa pekee, dada wa mume wangu, aliingizwa humo kujifungua akatolewa amefunikwa shuka, yeye na mtoto. Alivuja damu. Hilo nililijua kutoka kwa mume wangu, kwa sababu mama mwenyewe hakuwahi kulisema. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kubeba mimba katika nyumba ile tangu msiba huo, na nilikuwa nalala katika chumba cha marehemu.

"Wamesemaje?" akaniuliza.

"Damu ndogo, mama."

Aliinuka, akakung'uta kanga yake, akatangulia. Njia nzima nilitazama visigino vyake, na nilipata hofu ambayo nesi hakuweza kunipa.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, chotara mwenye ukienyeji mwingi. Ng'ombe wa aina hiyo hashushi maziwa mpaka ndama anyonye kidogo kwanza. Ukimwendea na ndoo tu anakubania. Ndama wake alikuwa dume, bado mdogo, hajaanza hata kutafuna majani vizuri. Asubuhi ya Jumamosi nilitoka nje kupiga mswaki nikamkuta mama mkwe amesimama na jirani mmoja anayejua kuchinja, wanamtazama yule ndama.

Mimi siyo mtu wa kunyamaza. Nina duka la ushonaji karibu na stendi, na wateja wangu wananijua kwa mdomo.

"Mama, unataka kufanya nini?"

"Nesi amesema nyama."

"Si bucha zipo?"

"Nyama ya bucha ni ngumu, imetembea. Huyu amekunywa maziwa tu. Nyama yake ni laini, ni changa, inaingia mwilini moja kwa moja."

"Na maziwa je? Huyo ng'ombe atamshushia nani?"

"Maziwa yatapatikana, mwanangu."

"Kwenu si mnamchinjia mtu akishazaa?"

Hapo alinigeukia. Ana macho madogo, makavu, na sijawahi kuyaona yakilia. "Safari hii sisubiri," akasema, akamshika ndama shingoni.

Nilirudi ndani. Sikutaka kuona, ila kusikia nilisikia. Ndama hakulia sana, aliyelia ni mama yake.

Mchana huo jirani yetu mwingine, mama mmoja tunayesali naye kanisa moja, alipita akasikia harufu ya supu. Aliingia uani anachekelea, ameshaanza kupiga vigelegele. "Hongereni jamani! Amejifungua salama? Mtoto gani?" Nikajitokeza mlangoni na tumbo langu. Kigelegele kilimkwama. Alinitazama tumbo, akatazama sufuria, akamtazama mama mkwe, na uso ukambadilika.

"Anachinjiwa kabla?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Karibu nyama," mama mkwe akasema.

"Nimeshakula, mama. Asante." Akaondoka, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuja tena. Nilikasirika siku nzima. Nilijiambia hofu ya mkosi ni ushamba tu, lakini mkono wangu ulikuwa hautoki tumboni.

Tangu utoto wangu kule Sigino nimezoea nyama ya ng'ombe mzima, ile ukiiosha inaacha maji mekundu kwenye beseni. Hii ilikuwa ya waridi hafifu, sehemu nyingine karibu nyeupe, na maji yake yalibaki kama ya kuoshea mchele. Haikuhitaji kuchemshwa sana. Supu yake ilikuwa nzito, ikipoa inaganda na kutikisika. Nasema ukweli, ilikuwa tamu. Asubuhi supu, jioni nyama na ugali, na mama mkwe amekaa mbele yangu anahesabu matonge kwa macho mpaka nimalize.

"Na wewe kula, mama."

"Meno yananisumbua."

"Nyama hii hata kichanga anaweza kuitafuna!"

Alicheka kidogo, akajimiminia chai ya rangi, akachukua ukoko wa ugali. Ndicho chakula chake miaka yote niliyomjua. Yeye ndiye mpishi na ndiye wa mwisho kula, na sahani ikimfikia huwa imebaki mchuzi. Nyama nyingine aliikausha juu ya moshi, na kila siku alinitolea kipande.

Ng'ombe alibana maziwa kama nilivyosema. Siku ya tatu mama mkwe alikuja dukani kwangu, jambo ambalo si kawaida yake, akaniomba sindano kubwa na uzi wa kushonea magunia. Nilipofunga duka nikamkuta uani na ile ngozi ya ndama. Alikuwa ameichuna nzima, ameipaka chumvi na majivu, na pembeni ameweka nyasi kavu.

"Macho yangu hayaoni vizuri," alisema. "Nishikie hapa, ushone."

Watu wa mifugo wanalijua jambo hili. Ndama akifa, ngozi yake hujazwa nyasi ikasimamishwa mbele ya mama yake, naye akiinusa na kuilamba hudanganyika na kushusha maziwa. Nilikuwa nimelisikia tangu mdogo. Sikuwa nimewahi kulishika mikononi. Mchana kutwa nilikuwa nimeshona nguo za mtoto wangu kwa vitambaa vilivyobaki dukani, na jioni ile nikashona tumbo la ndama niliyemla. Mtoto alinipiga teke mara kadhaa. Nilishona haraka, mshono mrefu mbayambaya, ambao kwa mteja ningeona aibu kuutoa.

Ng'ombe alidanganyika. Kila alfajiri, mawingu yakiwa bado yamelala juu ya mlima Kwaraa, nilimwona kupitia dirishani akiilamba ile ngozi mgongoni, taratibu, huku mama mkwe akikamua. Majani yalianza kuchungulia kwenye mshono wangu. Ng'ombe alikuwa anayang'ata, anatafuna, kisha anarudi kulamba. Nilimwambia mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la mahindi na siku hiyo alikuwa amerudi, kwamba kitu hicho kiondolewe.

"Mwache mama," alisema. "Unajua anachoogopa."

"Na mimi ninachoogopa je?"

Alijua vilevile kwamba wote watatu tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, siku ya leba.

Niliporudi kliniki nilikwenda kifua mbele. Nilikuwa nimemaliza ndama karibu mzima peke yangu, na vidonge nilikuwa ninameza kila siku kwa chai ya maziwa, kwa sababu bila chai vilinichefua. Nesi alikuwa yule yule. Alinitoboa, akasubiri, akanitazama.

"Haijapanda. Imeshuka kidogo. Unakula nini?"

Nikamweleza, na najua sauti yangu ilikuwa ya majigambo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kalamu chini.

"Nyama ya ndama ni nzuri, dada yangu. Inajenga mwili, haina mafuta mengi, mgonjwa anaitafuna bila shida, tena ina vitamini ambazo majani hayana. Lakini wewe unatafuta madini ya chuma. Ndama anayenyonya tu hajayapata ya kutosha, maana maziwa hayana chuma cha maana. Ndiyo sababu nyama yake ni nyeupe. Wekundu ule wa nyama ya ng'ombe mkubwa ndio unaotakiwa, na maini ndiyo zaidi. Na hiyo chai unayomezea vidonge inazuia dawa isiingie. Mezea maji, ule na chungwa."

Nilicheka, kicheko kibaya, mpaka mama mmoja kwenye benchi akanigeukia. Ndama amekufa, ng'ombe analamba majani, jirani haji tena, na damu imeshuka. Nilitoka na hasira zangu zote mpaka getini, nikamwambia mama mkwe pale pale kwenye jiwe lake, neno kwa neno, bila kupunguza. Nyama nyeupe haina damu, mama. Tulichinja bure.

Alibaki ameketi. Mikono yake ilikuwa magotini, imelala tu. Kisha akaanza kuongea, akitazama barabara.

"Kondoo wa binti yangu alikuwa amenona. Nilimtunza mwenyewe. Watu waliniambia, mpe nyama huyu mtoto, amepauka, nikasema atakula akishazaa, kondoo yupo. Nikasubiri." Pikipiki ilipita, akaisindikiza kwa macho. "Alipoanza kuvuja walitoka wakauliza nani anatoa damu. Nilikuwa peke yangu. Nikanyoosha mkono. Wakanitoboa kidole, wakaniambia kaa pale mama. Nikakaa. Hakuna aliyerudi kunichukua. Waliniona mama wa shamba, ndala zina tope, wakaikataa damu yangu. Kondoo tulimchinja kwa ajili ya waombolezaji."

Nilimwinua, tukapita sokoni, tukanunua maini.

Wiki zilizofuata nilikula maini, majani ya kunde na machungwa, nikameza vidonge kwa maji huku nikiziba pua. Ngozi ya ndama ilioza kwenye mishono, ng'ombe akaisukuma kwa pembe na kuiacha, na maziwa yakakauka kabisa. Mama mkwe hakulizungumzia. Nesi alisema damu imeanza kupanda lakini bado hajaridhika, na kila aliposema "bado" nilihesabu wiki zilizobaki. Nilizishona nguo za mtoto zikaisha, nikazikunja, nikaziweka mahali ambapo mume wangu asingelazimika kuziona endapo zisingehitajika.

Nilijifungua mchana, mtoto wa kike, analia kwa nguvu. Nilisikia furaha kwa muda mfupi sana. Halafu nikasikia joto likinitoka, likiendelea kutoka, na wale waliokuwa wananipongeza wakaacha kuongea na mimi wakaanza kuongea wao kwa wao. Mmoja alinikandamiza tumbo kwa ngumi. Mwingine alifungua mlango na kuita ndugu zangu.

Mlango haukufungwa. Nilisikia sauti ya mama mkwe pale koridoni, na hata katika hali ile nilishangaa, kwa sababu maana yake alikuwa amevuka geti.

"Nitoeni mimi," alisema. "Safari hii msinikatae."

"Shikamoo mama. Kaa hapa, lete kidole," ikasema sauti ya kijana mmoja wa maabara.

Nilizitazama taa za darini, zikawa zinasogea mbali.

"Mama," ile sauti ya kijana ikasema, kwa upole, "wewe huwezi kutoa. Damu yako ni ndogo kuliko ya huyo mgonjwa mwenyewe. Umekuwa hivi muda mrefu, mama. Unakula nini nyumbani?"

Nilisikia mume wangu akija mbio, akiambiwa apite chumba kile. Mimi nikawekewa chupa ya damu iliyokuwa kwenye friji yao, yeye akatoa ya kuirudishia. Ya nani niliyowekewa, sijui mpaka leo.

Nilipopata nguvu ya kugeuza shingo, mama mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda na mtoto mapajani. Alikuwa hamtazami mtoto. Alikuwa ameshika kidole chake kilichotobolewa, amekibana kwa vidole vya mkono mwingine.

"Hawakunikataa," aliniambia. "Miaka yote nawachukia. Sikuwa nayo, mwanangu. Binti yangu alikuwa analia mlango wa pili, na mimi sikuwa nayo ya kumpa."