Msalaba Wenye Kisu

Sisi tuliokulia milima ya Upare kabla umeme haujapanda huko tulikuwa na starehe zetu, na hakuna aliyetuambia kwamba ni chache. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka hatuoni tena mpira. Tulicheza mdako mpaka kucha zikajaa udongo, na Jumatatu asubuhi mwalimu akazikagua kucha hizo hizo akatuchapa. Kila mtoto alikwenda shule na ukuni mmoja wa kupikia uji, na ole wake aliyeleta kijiti. Jioni ilikuwa makande, na asubuhi makande yale yale yaliyolala, ambayo kwa kweli ndiyo yalikuwa matamu zaidi. Mpaka leo, hapa Kensington, Johannesburg, ninaposhonea nguo za watu kona ya pili baada ya roboti, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, nikipika makande Jumamosi nayaacha yalale kwa makusudi. Binti yangu Neema, aliyezaliwa hapa hapa, huyatazama kama anayetazama zege.

Lakini leo nataka kuwakumbusha wa rika langu juu ya msalaba wa jiwe uliokuwa nyuma ya kanisa letu, kati ya makaburi na shamba la kahawa la usharika.

Haukuwa mrefu. Ulifika kifuani kwa mtu mzima, mnene, mikono mifupi, umeota ukoga wa kijani upande wa mvua. Mmisionari wa kwanza aliutoa uwanja wa kanisa la kijijini kwao Ulaya, akaja nao kwa meli na treni, kisha wazee wetu wakaupandisha mlimani kwa magogo na kamba. Ulichongwa Zama za Kati, karne nyingi kabla yake. Kilichotushangaza sisi watoto ni kwamba katikati yake palichorwa kisu. Tulipitisha vidole kwenye mchirizi wa kisu kile mpaka tukajua kila kovu lake.

Mzee Elieza, mzee wa kanisa aliyetufundisha kipaimara, alitueleza maana yake. Huko ulikotoka, mtu mmoja alimuua jirani yake kwa kisu. Ndugu wa marehemu wakakubali kusamehe badala ya kulipiza, kwa sharti kwamba muuaji achonge jiwe lile kwa mikono yake, aweke alama ya kisu alichotumia, ili kila apitaye ajue kosa lilitendeka na likaisha. Wazee wetu walipoisikia habari hiyo waliipenda kuliko mahubiri mengi. Wakaweka desturi: waliogombana waliitwa pale Jumapili baada ya ibada, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja kaweka kiganja juu ya jiwe. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mpaka neno liishe. Tuliwaona watu pale wakisimama saa nzima kama ng'ombe waliofungwa.

Sikudhani kwamba siku moja ningemwona pale baba yangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Namsifu, binti wa baba mkubwa, alikuwa na umri huo huo, na tulikuwa kitu kimoja. Juu ya mashamba yetu kulikuwa na ndiva, bwawa la udongo lililojazwa na mfereji wa kutoka msituni. Maji yake yaligawanywa kwa zamu, kila ukoo na siku yake, na mwaka ule mvua zilikuwa haba, kwa hiyo zamu ya maji ilikuwa ndiyo chakula chenyewe. Siku moja tulitumwa majani ya mbuzi. Tukapita pale kwenye ndiva, tukatamani kushindanisha mashua zetu za magome ya mgomba. Tukavuta kizibo cha bwawa, kidogo tu, mfereji wa kushukia mashambani upate maji. Mashua yangu ilishinda. Kisha tukasikia mtu akikohoa kwa juu, tukakisukuma kizibo haraka haraka, tukakimbia.

Kizibo hakikukaa sawasawa. Maji yalitoka mchana kutwa, na shamba la kwanza chini ya ndiva lilikuwa la baba yangu. Kesho yake ilikuwa zamu ya baba mkubwa. Alikuta bwawa tupu, na mahindi ya mdogo wake yamesimama kwenye tope.

Alikuja uani kwetu tukinywa uji. Hakupiga kelele. Alimwita baba mwizi, mbele ya mama, mbele yetu sote, akageuka akaenda zake. Baba alibaki ameshika bakuli. Alisema tu kwamba hakufungua maji, na kwa kuwa aliyepaswa kumsikia alikuwa amekwisha kuondoka, alilisema neno lile kwa uji wake.

Miezi miwili hawakusalimiana. Mahindi ya baba mkubwa yalikauka, yetu yakabeba. Kanisani walikaa pande mbili. Bibi, mama yao, aliacha kula kwa yeyote kati yao, akawa anajipikia peke yake kwenye kajiko kadogo nje ya nyumba yake, na moshi wa kajiko kale ulituumiza kuliko fimbo. Mimi na Namsifu tulikatazwa kucheza pamoja. Tulikutana kisimani, tukajaza ndoo bila kutazamana. Sote wawili tulijua, na kila mmoja alimwogopa mwenzake asije akasema.

Ndipo Mzee Elieza alipowaita kwenye jiwe.

Ukungu ulikuwa umeshuka Jumapili ile. Watu walikaa kwenye nyasi kwa mbali kidogo, kama ilivyokuwa adabu. Baba aliweka kiganja, baba mkubwa akaweka chake. Mzee Elieza akamwuliza baba kama alifungua maji. Baba akajibu hapana. Baba mkubwa akasema basi maji yale yalikuwa na miguu. Wakasimama tu. Ukungu ukawalowesha makoti, wanawake wakaanza kunong'ona juu ya vyungu walivyoacha motoni, na wale bado wamesimama, baba yangu akitazama chini kama aliyekwisha kuhukumiwa.

Namsifu ndiye aliyeinuka. Alipita katikati ya watu na gauni lake la Krismasi, akaenda akaweka mkono wake mdogo juu ya kile kisu. Mimi nilibaki nimekaa. Kisha nikaona amesimama peke yake, nikamfuata.

"Ni sisi," alisema. "Tulicheza na kizibo."

Baba mkubwa alimtazama mwanawe. Akauliza tulijua tangu lini kwamba ni sisi. Nikasema tangu siku ile ile. Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, baba mkubwa alikuwa amemgeukia baba, na mkono wake haujatoka kwenye jiwe.

"Nilikuita mwizi mbele ya watoto wako," alisema. "Mbele ya hawa hawa naomba unisamehe."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akiomba msamaha, tena mkubwa kwa mdogo. Baba aliupandisha mkono wake ukalala juu ya ule wa kaka yake, ndiyo basi. Bibi akainuka kwenye nyasi, akasema ana njaa.

Adhabu yetu ilikuwa kuchota maji mtoni kumwagilia maharage ya baba mkubwa kiangazi chote. Tulichota mpaka upara ukataka kuota utosini. Lakini tulichota pamoja, na tuliimba njiani.

Namsifu sasa ni mwalimu mkuu huko Same, na ananiambia vijana hupanda hadi pale kanisani kupiga picha kwenye jiwe, wanalifanyia vidole viwili, wanashuka. Sicheki sana, maana na sisi huku hatuna la kujivunia. Chama chetu cha kina mama wa Kitanzania kilivunjika kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja, kila mmoja akatoka kwenye kundi la simu kabla hajaulizwa. Na Neema, ambaye alikuwa hali bila shoga yake Thandi, aliniambia amemfungia kwenye simu, asiweze tena kumpigia wala kumwandikia. Nikamwuliza Thandi amekosa nini. Akainua mabega, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni maisha tu. Nikamwambia ampigie. Akasema, "Eish, Mama, siku hizi hatufanyi hivyo."

Enzi zile ukikosana na mtu ulijua pa kumpata. Ungemkuta Jumapili baada ya ibada, apende asipende, amesimama mbele yako kwa umbali wa mkono mmoja, na jasho lake unalisikia. Siku hizi mtu anakufuta kwa kidole akiwa amejilaza kitandani, na wewe unabaki na neno lako zuri la kuomba radhi, hujui hata mlango wa kwenda kubisha hodi.